Kikoi cha Mama Mkwe Mlangoni mwa Treni

Leo treni imenivua nguo. Naandika haraka, jamaa zangu wa Saudia, kabla mke wangu hajawasimulia kwa namna yake.

Mlioko Jeddah mnajua kwamba mimi na Zuwena tuko Italia, tunazunguka kwa treni na baiskeli. Mashamba ya mizabibu tumeyapita kwa pedeli, milima tumeiachia treni (sisi si wendawazimu), na sasa tumeteremka pwani. Mlioko Riyadh mnajua na jambo jingine: sharti la mama mkwe wangu. Tulipokwenda Suwaidi, mtaani kwake huko Riyadh, kumuaga, aliiona bukta yangu ya kuendeshea baiskeli. Ile ya kubana, yenye sponji pa kukalia. Aliishika kwa vidole viwili, kama aliyeokota panya.

"Hii utaivaa mbele za watu?"

"Ndilo vazi lake, Mama."

"Basi juu yake utafunga hiki." Akanipa kikoi cha marehemu mumewe, chenye pindo la kijani. "Na siku nitakayokuona bila hiki, Idi ule kwako."

Idi nile kwangu! Mliowahi kula biriani ya mama huyu mnaujua uzito wa hukumu hiyo. Tangu tufike huku, kila siku baada ya Alasiri hupiga simu ya video. Hata hali haulizi. "Shusha simu nikione kikoi."

Leo tulipanda treni ndogo ya pwani. Mimi nilisimama mlangoni nikishikilia baiskeli. (Zuwena alikaa. Zuwena siku zote hukaa.) Upepo ukavuma, milango ikafungwa, na pindo la kikoi likabaki nje. Nikavuta. Wapi! Sikuhangaika, nikijua stesheni ya mbele mlango utafunguka. Ukafunguka wa upande wa pili. Stesheni iliyofuata, upande ule ule wa pili. Nikamuuliza kondakta, mzee wa masharubu, kwa Kiingereza na kwa mikono: huu wangu utafunguliwa wapi?

"Mwisho wa reli," akasema, akikitazama kikoi kwa huruma.

Na sisi tulikuwa tumefika pa kushuka.

"Yalla, shuka!" Zuwena ameshateremsha baiskeli zote mbili.

"Nimenaswa!"

"Si ukifungue!"

"Na mama yako?"

"Mama yuko Riyadh!"

Kengele ya milango ikaanza kulia. Nikafungua fundo, nikaruka. Treni ikaondoka na kikoi, pindo likipepea nje kama linatuaga. Mimi nimebaki na bukta, mbele ya benchi lililojaa bibi vizee wa Kitaliana. Mmoja alikuwa analamba aiskrimu. Akasita.

Zuwena akanitazama. "Mbona hukubaki tu ndani mpaka huo mwisho wa reli? Mimi ningekufuata."

(Nina shahada mbili za chuo kikuu.)

Riyadh Alasiri ilikwishapita. Simu ingelia wakati wowote. Nikapanda baiskeli, nikaikamata barabara inayofuatana na reli. Jamani, nilikanyaga! Bila kikoi cha kunibana mapajani, kumbe mimi ni farasi. Nikaiona treni mbele, imesimama kupisha nyingine. (Hili la kusimama msimwambie mtu.) Nikaipita. Abiria wakagonga vioo wakishangilia. Kondakta akatoa kichwa nje, akapiga makofi. Ilipoondoka tena, mimi nilikuwa nikiikaribia stesheni ya mwisho.

Nikafika kwanza. Nikajipanga, nikahema, nikausubiri mlango wangu. Ukafunguka, kikoi kikadondoka mikononi mwangu, na watu wote wakapiga kelele. Nikakiinua juu ya kichwa kama kombe.

Simu ikalia. Kwa furaha, nikapokea. (Akili ilikuwa bado haijafika.)

"Shikamoo, Mama!"

Nyuma yake wamekaa mabibi wa Suwaidi, vikombe vya kahawa mikononi. Kwenye kona ya kioo nikajiona mwenyewe: kitambi, bukta, mapaja, kila kitu, halas, basi.

"Funika!"

Nikafunga kikoi, kina grisi ya mlango. Nikaeleza yote, bila kupumua.

"Umeishinda treni?"

"Nimeishinda, Mama. Shahidi huyu hapa." Nikamgeuzia kondakta simu. Akainua dole gumba, akabusu vidole vyake.

Mama akawageukia wenzake. "Mkwe wangu kaishinda treni!" Utadhani baiskeli kanifundisha yeye. Vigelegele! Mpaka abiria wa Italia wakaanza kutafuta harusi iko wapi. Hapo ndipo Zuwena alipofika, jasho linamtoka, na mama yake hata hakumuulizia.

Vigelegele vikatulia. Mama akaisogelea simu.

"Haya, funua tena. Bi Shemsa hapa alikuwa hajavaa miwani."

Nimefunua. Idi niko Suwaidi, sahani yangu ishatengwa. Anayetaka kucheka, akashindane na treni kwanza.