Kitabu cha Wageni cha Banda la Kuku

Jumatatu, 4 Mei

Barua imekuja. Si barua hasa, ni imeili, lakini mke wangu Khairunissa ameichapa kwa sababu anajua mumewe haamini kitu asichokishika mkononi. Serikali ya jimbo na chama cha wafugaji wa kuku wanatuita sisi wafugaji wadogo mkutanoni Jumatano, tujiandae pamoja dhidi ya mafua ya ndege. Pamoja! Neno hilo nimelisoma mara tatu. Miaka kumi na tisa, kabla ya kuhamia huku ughaibuni, nilizunguka mashamba ya mkonge Tanga nikiuza spea, na kila nilipomkuta afisa na tajiri wanakunywa chai meza moja, palikuwa na mtu wa tatu nje anayeumia. Safari hii mtu wa tatu ni mimi, Anverali Nazarali, na kuku wangu mia mbili na kumi.

Nisingekwenda. Lakini kamati ya chakula ya jamaat, jumuiya yetu ya msikiti, nayo imetangaza kwamba kuku wa chakula cha Idi, mwisho wa mwezi huu, watatoka kwa mfugaji mwenye cheti cha mpango huo tu. Miaka minne mfululizo kuku paka wa Idi, wale wa tui la nazi, ni wa Alimohamed. Watu mia nne wanakula, wanalamba vidole, wanamsifu Alimohamed. Nilisoma naye darasa moja Tanga. Alikuwa akinakili hesabu zangu. Mwaka huu nataka walambe vidole na kunitaja mimi, na nimemwambia Khairunissa hivyo hivyo. Kasema basi nenda, kaa, andika wanachosema.

Jumatano, 6 Mei

Mkutano. Ukumbi mkubwa, Scarborough. Kahawa ya bure, na sijui ni ya bure kwa nini. Mezani mama mmoja wa serikali, bwana mmoja wa chama, wanaongea sikioni. Katikati yao daktari wa mifugo, Mkenya, anaitwa Onyango. Mrefu, mpole mno. Upole wa namna hiyo nauogopa.

Mlangoni palikuwa na kitabu cha wageni. Nikakijaza inavyotakiwa: jina, nilikotoka, simu, saa, sababu ya kuja, maoni. Kwenye mashamba ya mkonge kila geti lilikuwa na kitabu, huandiki, huingii. Hawa wa leo wanachora mstari tu na kupita. Malezi yamekwisha.

Onyango kaeleza. Ugonjwa hubebwa na viatu, mikono na magurudumu. Kila banda liwe na mstari mwekundu mlangoni: mabuti ya nje yaishie hapo, ya ndani yaanzie hapo. Beseni la dawa ya viatu. Na kitabu, kila anayeingia ajiandike, hata mwenye banda, ili ugonjwa ukizuka wajue umetoka wapi na umekwenda wapi. Wiki ijayo watafanya zoezi. Watachagua shamba moja, wajifanye lina ugonjwa, wafuatilie. Kuku hawataguswa. Atakayefanya vizuri apewe cheti.

Nikauliza nani anachagua shamba. Kasema kamati ya pamoja. Nikauliza kamati inataka kujua kwa nini nani anaingia kwangu na saa ngapi. Kasema ni kwa ajili ya kuku, mzee. Eti kwa ajili ya kuku! Alimohamed, safu ya mbele, akacheka na yule bwana wa chama. Nimewaona. Wanajuana.

Alhamisi, 7 Mei

Banda letu liko kaskazini, nusu saa kwa gari kutoka nyumbani Malvern. Nimefika nikakuta Khairunissa ameshapaka mstari mwekundu. Amenunua mabuti meupe ya ndani na meusi ya nje. Ametundika kitabu mlangoni na kalamu kwenye uzi. Nikamwambia mtu hajisajili kwake, mimi si mgeni wa kuku wangu. Kasema Baba Hawra, andika. Sikuandika. Nikaruka mstari na viatu vyangu vya kila siku kwenda kumwona mtetea wangu mmoja anayechechemea. Ananijua yule. Nikiingia anakuja, hata kama sina kitu mkononi.

Nimewaza mchana kutwa. Kama Alimohamed anajuana na chama, basi ameshaambiwa siku ya zoezi. Huenda hata banda wamemjengea wao. Lazima nilione. Nikampigia binti yetu Hawra, nikamuuliza kama kwenda kutazama banda la mtu mwenyewe akiwa hayupo ni kosa. Akajibu kwa Kiingereza, maneno mengi, yote yana maana ya ndiyo. Watoto waliokulia huku hawana jicho la biashara.

Ijumaa, 8 Mei

Nimefanikiwa. Saa saba na nusu mchana Alimohamed alikuwa sala ya Ijumaa, safu ya kwanza, mahali pa kuonekana. Mimi nilimwambia Khairunissa kichwa kinaniuma. Mungu anisamehe. Gari nikaliacha mbali, nikapita nyuma kwenye matope.

Mlangoni kuna kitabu cha wageni, karatasi nene nzuri, kalamu inayoteleza. Nikajaza, nikaingia.

Banda lake! Limefagiliwa hadi kwenye kona. Mabuti yamepangwa kwa saizi. Ratiba ya usafi iko ukutani, imevishwa plastiki. Mfugaji asiye na msaada wa watu wakubwa havishi ratiba plastiki, na huo ni ushahidi tosha. Nikahesabu kuku wake, nikapiga picha sita, mbili za dole gumba langu. Kisha moja kwa moja hadi bandani kwetu. Matope ya Alimohamed nikayakung'utia ndani huku nikimsimulia mtetea wangu yote niliyoyaona.

Hakuna aliyeniona. Sikuacha alama yoyote. Nimelala mchana kwa raha.

Jumamosi, 9 Mei

Alimohamed kapiga simu kuniuliza kichwa kinaendeleaje. Amejuaje habari za kichwa? Khairunissa kasema yeye ndiye aliyemwambia mke wake. Labda. Gari jeupe limepita mbele ya nyumba mara mbili. Khairunissa kasema ni la posta. Labda.

Jumanne, 12 Mei

Siku mbaya. Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi, ujumbe kwenye simu. Zoezi limeanza, shamba lenye ugonjwa wa kujifanya ni la Alimohamed. Nilicheka hadi chai ikanimwagikia. Ratiba yake na plastiki yake!

Saa tatu na dakika ishirini, Onyango mlangoni kwangu, ovaroli nyeupe, na yule mama wa serikali nyuma yake. Kaniita jina langu kamili na la baba yangu. Kaniambia pole, mzee, tumekufuata. Nikamwambia amedanganywa na maadui. Kasema hapana, umetuambia mwenyewe.

Jioni tukaitwa ukumbini kusikia matokeo. Wakaweka kwenye skrini ukurasa wa kitabu cha wageni cha Alimohamed. Kulikuwa na mgeni mmoja tu wiki nzima, kwa mwandiko mzuri sana. "Anverali Nazarali, wa Malvern, zamani Tanga. Saa 7:40 mchana. Sababu ya kuja: kuangalia mambo. Maoni: banda safi, dawa ya viatu haitoshi, mwenyeji hakuwepo. Nimefurahi." Namba ya simu waliifunika kwa adabu.

Ukumbi mzima ukasoma. Khairunissa akasoma. Kisha akanigeukia, akaniuliza kichwa kinaendeleaje.

Baada ya hapo, ramani. Mshale mwekundu kutoka kwa Alimohamed hadi kwangu. Wakafungua kitabu chetu, ambacho Khairunissa amekijaza kila siku asubuhi na jioni. Jina langu halimo hata mara moja. Onyango kasema kwa sauti ya chini kwamba, kwa mujibu wa zoezi, kuku wote mia mbili na kumi wamekufa. Nilijua ni karatasi tu. Lakini nilimfikiria yule anayechechemea, anavyonijia kila nikiingia, nami nimemletea kifo kwenye soli ya kiatu. Nikajifanya nakohoa.

Halafu Onyango akanishukuru. Kasema bila maandishi yangu kamili wangehangaika siku mbili, na yamewachukua dakika kumi. Watu wakapiga makofi. Makofi yale siyaelewi hadi sasa. Alimohamed hakucheka. Alikuja akasema Anverali bhai, ndugu yangu, ungenipigia simu tu, ningekuwekea na chai. Heri angecheka.

Jumatano, 13 Mei

Onyango kaja na uamuzi wa kamati ya pamoja. Banda letu ni zuri. Kumbukumbu zake ni kati ya bora walizoziona. Hatari iliyopo ni moja, nayo ina miguu miwili na haina manyoya. Cheti kitatoka kwa jina la Khairunissa, kwa sharti kwamba mimi nisivuke mstari mwekundu mpaka Idi ipite. Kamati ya chakula imekubali: nusu ya kuku wa Idi kutoka kwake, nusu kwa Alimohamed. Nikivuka mara moja tu, cheti kinarudi na wote wanatoka kwa Alimohamed.

Kwa hiyo kuku wako huru na aliyewekwa karantini ni mimi.

Nikauliza nani kapanga haya. Khairunissa alikuwa ameshatia saini. Kasema kuku wale ni wetu wote wawili, na nimeogopa kweli, Baba Hawra, maana ungekuwa ugonjwa wa kweli ungewaua ukiwa unawasimulia hadithi. Nimekunywa chai peke yangu.

Jumapili, 17 Mei

Siku ya nne. Nakaa kwenye gari nje ya banda, nawasikia tu. Nimewakosa, na naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Lakini kuna jambo. Khairunissa na Alimohamed wanapigiana simu kila siku. Uzito wa kuku, siku ya kuchinja, nani alete lini. Jana mke wangu alitamka neno "pamoja" mara mbili. Leo Alimohamed na mkewe wamekuja nyumbani, na wote watatu wakanywa chai meza moja. Nalijua hilo tangu Tanga. Saa nane mchana wakaondoka na Khairunissa kwenda kununua tui la nazi. Tui la nazi, watu watatu?

Lazima nijue kinachoendelea bandani mwangu. Nimekuwa mwangalifu safari hii. Gari mbali. Nimepita nyuma. Viatu nimeviacha nje, nimevuka mstari kwa soksi, kwa sababu hakuna popote walipoandika soksi. Yule anayechechemea alikuja mbio zake zile zile. Nikakaa naye robo saa. Wote wazima, wamenenepa, na hilo nalo linatia shaka.

Kabla ya hapo, mlangoni, nilisimama kidogo mbele ya kitabu. Zamani sikuandika kwa kuwa palikuwa kwangu. Sasa kamati nzima imeamua kwamba mimi ni mgeni, na mgeni ana adabu zake. Jina, simu, saa. Sababu ya kuja: kuangalia mambo. Maoni: kuku wazima, mwenyeji hakuwepo, nimefurahi.

Hakuna aliyeniona. Sikuacha alama yoyote.