Idara ya Pilipili za Roshani

Wananchi wote wa Garsen na viunga vyake wafahamu kwamba Idara ya Pilipili za Roshani ilikuwa ikifanya kazi vizuri mno. Kwa kuwa roshani ya maana ilikuwa moja tu, ile ya ofisi yenyewe, Mkuu wa Idara, Bwana Guracha, alipanda pilipili zote hapo, kwenye ndoo za rangi na mitungi iliyokatwa vichwa.

Guracha ni Muorma, mtoto wa zizini, na mwenye mifugo hachinji ovyo. Akapiga marufuku kuvuna. Kila jioni alihesabu mipilipili yake kama ndama wanaorudi nyumbani, akaikuta imetimia, akalala fofofo.

Jumwa, mwenye hoteli iliyo chini ya roshani, alimwomba pilipili za kachumbari.

"Mama, hii ni rasilimali. Ukichuma, mali inapungua."

"Haya bosi, kaa nayo."

Pilipili zikaiva, zikasinyaa, na maua yakakoma. Guracha akaripoti kwamba hali ni tulivu. Ila mpilipili mmoja ulioinamia nje ya ukingo ulizaa kwa fujo. Huo aliuita Mtiifu.

Ndipo Madam Florence, mkaguzi wa kaunti, akaja kutoka makao makuu Hola kuamua kama idara ibaki au ifungwe. Guracha alimpokea ndani ya suti ya kuazima. Arudi kuchunga ng'ombe wa babake, baada ya kuutangazia mji mzima kwamba ana ofisi yenye roshani? Hata yeye angejicheka.

Akampeleka moja kwa moja kwa Mtiifu. "Madam, haya ndiyo matokeo ya sera yetu. Huu haujaguswa na mkono wa mtu."

Fimbo yenye ndoana ikapanda kutoka chini, ikapapasa majani, ikaangua pilipili nyekundu, ikashuka. Ikarudi kuchukua nyingine.

Madam akachungulia. "Wewe nani?"

"Jumwa wa hoteli. Huu nauchuma kila siku na hauchoki. Ile mingine fimbo haifiki."

Guracha akaitazama ile mingine, mikavu, mitiifu kwelikweli. Aibu ikamshika, kisha kicheko kikamshinda.

Madam hakucheka. "Idara itabaki. Mkuu ndiye abadilishwe. Mama, panda uchukue ofisi."

"Ofisi? Na wali atapika nani? Nipe huyo bosi tu. Ni mrefu, atachuma bila fimbo."

Mchana huo, kwa idhini ya Madam, Mkuu wa Idara alionekana roshanini akichuma, jicho moja limefumbwa na pilipili aliyojipaka mwenyewe bila kukusudia, na sauti kutoka jikoni ikimhimiza:

"Haraka bosi, watu wana njaa!"