Mfereji wa Kanali Gault Ulivyozinduliwa Mjini Tolliver

Mheshimiwa Jaji wa mji wa Tolliver, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mfereji, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi pia. Ndugu mwenye baa. Ndugu mwenye baa ya pili. Ndugu mwenye duka la majeneza, ambaye pia ni kinyozi wetu na daktari wetu wa meno. Mchungaji, kama ameamka. Waheshimiwa wachimbaji wa mto wa juu. Waheshimiwa wachimbaji wa mto wa chini, ambao nawaomba tafadhali msikae karibu na wale wa juu. Ndugu zetu mliofika kutoka Ohio, kutoka Missouri, na kutoka kule ambako hampendi kukutaja. Mabibi na mabwana, yaani Bi. Stroud na mabwana: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Nyumbu mmoja analia.)

Ndugu wananchi, mimi Kanali Erastus Gault, Meya wenu, nasimama leo juu ya jukwaa hili jipya la mbao za msonobari, mbele ya utepe huu mwekundu ambao mwenye baa ameukata kwenye pazia lake mwenyewe, ili kuzindua rasmi Mfereji Mkuu wa Maji Safi, mradi ambao utayachukua maji ya chemchemi iliyoko pale juu kilimani na kuyashusha hadi hapa katikati ya mji, maji baridi, maji meupe, ili tuachane moja kwa moja na maji ya mto huu ambao tangu dhahabu ionekane kila mtu anaukoroga kwa karai lake kuanzia alfajiri, kiasi kwamba kahawa ya Tolliver siku hizi haihitaji kahawa. (Kicheko.)

(Lavinia Stroud, anayefua nguo za wachimbaji, amesimama mbele kabisa. Mwanawe Micah amejilaza begani mwake, macho yamezama. Anasema: "Mheshimiwa, samahani. Maji yenyewe yako wapi? Mtoto anaharisha tangu Jumapili.")

Bi. Stroud, dada yangu, swali zuri sana, na jibu lake limo katika hotuba hii, huko mbele. Kwanza lazima wananchi waelezwe tulikotoka. Tulikotoka, ndugu zangu, hapakuwa na kitu! Palikuwa na mawe, dubu, na bwana mmoja aliyekuwa akiongea na dubu. Leo, chini ya uongozi wangu, na sisemi hivi kujisifu, nasema kwa sababu mtu mwingine akiulizwa anasahau kusema, idadi ya baa imepanda kwa asilimia mia, idadi ya majeneza imepanda kwa asilimia ambayo fundi wetu ameshindwa kuikokotoa kwa kukosa muda, na upembuzi yakinifu wa mfereji umefanyika, ukapitiwa na kamati, ukarudishwa kwenye kamati ndogo, kamati ndogo ikala chakula cha mchana, na mapendekezo yakapokelewa kwa kauli moja, kauli hiyo ikiwa ni yangu. (Makofi machache kutoka upande wa baa.)

("Mheshimiwa," anasema Bi. Stroud, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto, "dada yake huyu nilimzika mwezi wa nane. Ugonjwa huuhuu. Sitaki kukukatisha, ila mimi nimekuja na ndoo.")

(Wachimbaji kadhaa wanavua kofia.)

Na serikali yangu, Bi. Stroud, ilituma salamu za rambirambi, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Ndiyo maana nikasema hapana, haiwezekani! Nikapanda kilima kwa miguu yangu, nikiwa na tarumbeta na Mchungaji, nikafika penye ile chemchemi ambayo, kama mjuavyo, inachuruzika chini ya mawe na haitoi maji ya maana mpaka ichimbuliwe, na mbele ya macho yenu nikachomeka beleshi langu ardhini, beleshi jipya, lenye mpini uliopakwa rangi, kuashiria kuanza kwa utekelezaji. Mliona ninyi! Mkapiga kelele mpaka theluji ikaporomoka! (Sauti: "Tuliona, mzee! Ile ilikuwa masika ya mwaka juzi!")

Mwaka juzi, naam, maana mambo makubwa hayaendi mbio. Na hapa niwapongeze wananchi kwa nidhamu. Kila mtu wa machimbo haya anaijua sheria yetu: mtu akichomeka beleshi lake mahali, pale ni pake, hata akienda kulala, hata akienda kuoga, ingawa hili la kuoga bado halijaripotiwa hapa Tolliver. (Kicheko kirefu.) Na ninyi mkaiheshimu! Misimu yote hii mmepita karibu na chemchemi ile mkiwa na kiu, mkaona beleshi la Meya wenu limesimama, mkasema, kazi inaendelea, tusiingilie. Hakuna aliyegusa jiwe. Hakuna aliyechota hata kikombe. Huo ndio ustaarabu!

(Amos Tuttle, mchimbaji mwenye ndevu hadi kifuani, anainua mkono: "Mheshimiwa, mbona mimi beleshi langu uliling'oa?")

Nilijua utauliza, Tuttle, wewe huna dogo. Beleshi lako niliamuru ling'olewe kwa sababu ulilala na homa kipindi kirefu na shimo lako halikufanyiwa kazi, na sheria iko wazi, na hukumu yangu ile inasifiwa hadi Sacramento: beleshi ni lazima lifanye kazi, lisipofanya kazi ni kijiti tu, na ardhi ni ya atakayewahi! Homa si kazi, bwana. Na hata kama ungekuwa ndugu yangu wa damu, na kama ningekuwa mimi mwenyewe, ningeamua vilevile. (Makofi. Tuttle hapigi.)

Sasa nirejee kwenye mpango mkakati wa awamu ya kwanza, ambao una nguzo kuu nne, na nguzo ya kwanza nayo ina nguzo zake...

(Bi. Stroud amemtazama Tuttle kwa muda. Anamhamishia mtoto bega la pili. "Mheshimiwa Meya, nisamehe, mimi ni mfua nguo tu, nasikia maneno ya watu. Wanasema mfereji hauji kwa sababu wewe unachimba dhahabu pale chemchemini. Kisirisiri. Wanasema beleshi lako linafanya kazi kweli kweli.")

(Minong'ono. Mtu wa nyuma: "Ati nini?" Mwingine anapeleka mkono kwenye bastola. Mwenye baa anarudi nyuma hatua mbili.)

Uongo! Uongo mtupu, na nani amesema? Ndugu zangu, tulizeni mikono! Mimi, nichimbe kwa siri? Dhahabu ya umma? Naapa mbele ya kusanyiko hili, naapa kwa cheo changu cha ukanali, na Mchungaji aandike, kwamba tangu siku ile ya tarumbeta sijagusa hata udongo wa kujaza kijiko! Halijafukuliwa jiwe! Sijapanda kilima kile tena hata mara moja, nina goti bovu! Beleshi langu liko vilevile nilivyoliacha, nendeni mkaone, limeota kutu, ndege wamejenga kiota kwenye mpini, hakuna kazi yoyote iliyofanyika pale, hakuna, hakuna, na atakayesema kuna kazi iliyofanyika nitamshitaki kwangu mwenyewe!

(Tuttle, polepole: "Kwa hiyo ni kijiti tu.")

(Bi. Stroud: "Na ardhi ni ya atakayewahi.")

(Kelele. Watu wa mto wa juu na wa mto wa chini wanaokota sururu na mabeleshi kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Kundi la kwanza linakimbilia kilimani.)

Ndugu wananchi! Hotuba bado! Tuna wimbo! Wewe bwana wa Missouri, rudi! Sheria haikumaanisha... hukumu ile ilikuwa ya Tuttle! Basi, vizuri, nawaagiza mwende! Iandikwe kwamba Meya amewaagiza! Tolliver hoyee! (Sauti kutoka mbali, kilimani: "Hoyee!") Maji ni uhai! Kamati ni maji! Gault ni kamati!

(Tuttle amechuchumaa chini ya jukwaa na nyundo. "Mbao nzuri hizi," anasema. "Zikiunganishwa kuwa mfereji, zinafika kilimani?")

Tuttle, usiguse! Hizi ni mbao za... Ndugu zangu wachache mliobaki, namalizia kwa shukrani. Naishukuru kamati, ambayo haikuwahi kukutana ila kwenye chakula. Namshukuru fundi mchoraji wa mfereji, ambaye hatukuwahi kumwajiri. Nawashukuru ninyi kwa kuja kuzindua mfereji ambao, kusema kweli iliyo kweli, haupo, wala haujawahi kuwepo, wala haukuwa umepangwa kuwepo kabla ya uchaguzi. Na mbao zote zilizowahi kukatwa kwa ajili yake ndizo hizi ninazozikanyaga. Asanteni sana kwa kunisikili... (Ubao wa mbele unang'oka.)

(Bi. Stroud amemlaza Micah kwenye blanketi kivulini, amekunja mikono ya gauni. Anaushika ubao unaofuata, anamtazama Kanali kwa upole: "Inua mguu kidogo, Mheshimiwa. Huo wa kulia.")

(Mheshimiwa anauinua.)