Ute wa Mahindi ya Mama

Jumatatu, 5 Agosti
Mvua tena. Mahindi ya marehemu mama yamepita paa, na mizizi yake inayoning'inia hewani inadondosha ute. Utotoni tulikuwa tukiupaka kichwani, mimi na dada Leobarda, tukijiona watu wa mjini. Mama anatukimbiza na mwiko: acheni, mahindi yanakula hapo. Nimemkumbuka mpaka nikakaa chini, matope na yote.

Odilia, binti wa dada, anasomea kilimo. Kaniambia bibi yake hakukosea: ndani ya ute mna bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuyalisha mahindi. Mbolea ya bure! Sikungoja amalize. Mahindi yangu mafupi, mbegu ya dukani, yamekuwa manjano, na shemeji Fidencio, mume wa dada, ambaye mahindi yake ng'ambo ya ua hustawi kila mwaka, anauliza kama ni matandiko ya kuku. Nitayanywesha ute. Atakoma.

Dada kanikumbusha kuwa Novemba inakuja Siku ya Wafu ya kwanza ya mama, tunapowaandalia marehemu chakula mbele ya picha zao. Kabla ya kufa aliagiza tamali, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda na kupikwa kwa mvuke, za mahindi yake mwenyewe, si ya mwingine. Nikamwambia aondoe shaka.

Alhamisi, 8 Agosti
Ndoo zimejaa. Ute ulipopungua nikaikata mizizi yenyewe, nikaikamua. Akili hiyo. Mafupi yote yamekunywa.

Ijumaa, 9 Agosti
Sikujua ute una sukari. Sisimizi wamekuja ukoo mzima. Shemeji kauliza nafuga wa nyama au wa maziwa.

Jumapili, 1 Septemba
Upepo. Mahindi ya mama, bila mizizi ya kuyashikilia, yamelala yote kabla ya kukomaa. Mafupi bado manjano. Odilia anasema bakteria wale hukaa na mmea unaowalisha, na mafupi hayatoi ute. Nikamuuliza mbona hakusema. Eti alisema, ila mjomba alikuwa ameshakimbilia ndoo. Sasa mama nitamwambia nini?

Jumamosi, 2 Novemba
Picha ya mama, mshumaa, sahani tupu. Nikaona haya hata kumtazama. Dada akaingia na sufuria ya tamali, Fidencio nyuma yake. Nikasema mama hataki mahindi ya Fidencio. Dada akasema nile kwanza, mjinga wee. Nikaonja. Ladha ile ile ya jikoni kwa mama. Kumbe mbegu ya Fidencio ni ya mama, aliwapa yeye na dada walipooana. Miaka yote nimeyaonea wivu mahindi ya mama yangu mwenyewe. Nililia mbele ya shemeji, naye hakutania.

Dada kanipa mbegu za msimu ujao na kuniapisha mbele ya picha. Nimeapa: ute wa mahindi yangu sigusi tena. Ya Fidencio hayamo kwenye kiapo. Ndoo nimeshaziosha.