Mbuzi Thelathini na Mageti Mawili

Jumatatu, 7 Oktoba 1991
Uonevu mtupu! Ndolo wa Kemia amesema mbele ya walimu wote kwamba protoni ni za Kemia, mimi wa Biolojia nibaki na panzi wangu. Panzi! Ijumaa mkaguzi, Bwana Hemedi, anakuja hapa Migwani. Atakayemfurahisha atakuwa mkuu wa idara ya sayansi. Nafasi hiyo nimeingojea miaka kumi na mmoja. Ndolo ana miwili tu hapa!

Nitafundisha kimeng'enya kinachosukuma protoni nje ya seli. Ndolo atachora ubaoni. Mimi nitatumia mbuzi.

Jumanne, 8 Oktoba
Mpango safi. Ua wa miiba unaligawa boma sehemu mbili: huo ni utando wa seli, haupenyeki. Mbuzi ni protoni. Kimeng'enya ni kijia chembamba kinachokatiza ua, chenye geti huku na geti kule. Mbuzi akiingia, geti la nyuma linafungwa ndipo la mbele lifunguliwe. Kamwe yote mawili pamoja! Na kwa kuwa anasukumwa kwenda kwenye msongamano, haendi bure. Kila mbuzi konzi ya mahindi. Hiyo ndiyo nguvu ya seli.

Jumatano, 9 Oktoba
Mama Nthenya amekubali kuniazima mbuzi thelathini, kwa masharti. Eti nusu pipa la maji liwekwe upande wanakotoka.

“Saa nne watataka maji, mwalimu,” akasema. “Hawa hawajui mkaguzi.”

Mbuzi wenye saa! Nilicheka njia nzima.

Ndolo alikuja kuchungulia. Akauliza itakuwaje mageti yote yakifunguka. Nilimwambia mimi si mjinga.

Ijumaa, 11 Oktoba
Sitaki kuandika. Naandika.

Mbuzi wote walivuka, mmoja mmoja. Mkaguzi alisimama karibu na pipa akitikisa kichwa kwa furaha. Idara ilikuwa yangu! Kisha akasema haoni vizuri ndani ya kijia. Mgeni ni mgeni. Nikamfungulia mageti yote mawili.

Ilikuwa saa nne kamili.

Walirudi wote kwa mpigo. Bwana Hemedi alikalia pipa, ndani ya maji. Alipoinuka alisema kwa upole, “Mwalimu, hii si pampu. Hili ni shimo.” Ndolo, bila kuombwa, akawaeleza wanafunzi kwamba pampu iliyo wazi pande zote hurudisha kila ilichosukuma. Maneno yangu ya Jumanne! Mwizi!

Jumatatu, 14 Oktoba
Ndolo ametangazwa mkuu wa idara. Walimu walipiga makofi. Mimi nilipiga mara moja.

Nimetafakari sana na kosa nimeliona: mbuzi ni wakubwa mno. Protoni ni kitu kidogo. Mkaguzi atarudi Machi, na Mzee Mutunga ana mzinga wa gogo umejaa nyuki, wenye kifuniko kila upande. Nimeshamwomba siku hiyo avitoe vyote viwili, mgeni aone vizuri.