Uzio Mpya wa Mwaka wa Vita

Redio Mbao, ambaye mama yake alimbatiza Osward, alifika kijiweni kwa Bibiana muuza kahawa, pale Kibaoni, akihema.

"Mmesikia? Mbao mpya zisizo na kibali zinakamatwa! Imetangazwa redioni. Na Bwana Misitu yuko nyuma yangu na baiskeli!"

Pantaleo, kikombe mkononi, akacheka. Yamhusu nini? Uzio wake wa mninga, hapo ng'ambo ya barabara, umesimama tangu mwaka wa vita vya Kagera. Wiki nzima ameusugua kwa brashi ya waya na sabuni, kapiga msasa, kapaka vanishi, maana Jumamosi wanakuja kumposa binti yake, Violeth. Kijiwe kikampa jina la Injinia.

"Cheka tu, Injinia," akasema Limbu, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na huruma kidogo. "Uzio unameta kama umeletwa leo asubuhi. Utamwambiaje Bwana Misitu?"

"Kwamba ni wa zamani."

"Na mimi nitasema ng'ombe wangu ni mbuzi."

Kicheko kikamkauka Pantaleo. Bwana Misitu alishashuka kwenye baiskeli, ananusa mbao za uzio. Pantaleo akavuka mbio, kijiwe kizima nyuma yake, vikombe mkononi.

"Shikamoo mzee. Kibali cha mbao hizi?"

"Marahaba. Uzio mkuukuu huu, mwanangu."

"Mkuukuu unanuka vanishi? Tunaung'oa leo hii."

"Upake oili chafu, uzeeke upesi!" Redio Mbao akanong'ona.

Jasho likamtoka Pantaleo. Apokee wakwe kwenye kiwanja kitupu? Ushahidi alikuwa nao, lakini mkewe, Klementina, alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Upande wa ndani Pantaleo aliufunika kwa maturubai ya kuanikia mpunga, eti vanishi ikauke bila kupigwa jua, na kwa kazi ya uzio mzima mkewe alimchinjia jogoo.

"Pita ndani, mwanangu," akasema kinyonge, akavuta turubai.

Kuvu. Utando wa buibui. Mchwa wamejenga mpaka juu, misumari imeliwa na kutu. Na huku ndiko wakwe watakapokaa.

Bwana Misitu akakwangua ukungu kwa kucha, akaangua kicheko. "Uzio huu ni wa kuamkiwa shikamoo! Samahani, mzee." Akapanda baiskeli yake.

Klementina akaokota brashi ya waya, taratibu.

"Baba Violeth, vanishi ya huku ndani bado inakauka?"

Limbu akakimbilia barabarani, kahawa ikimwagika.

"Bwana Misitu! Rudi umkamate, tafadhali! Kwako atapona!"