Nilivyofyeka Mteremko Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe, mbele ya mtu ambaye sikufaa hata kumkaribia. Mama mkwe.

Ploti yetu ya kupanga hapa mtaa wa Baba Dogo imejengwa ukingoni. Nyuma ya nyumba kuna waya wa kuanikia nguo, kisha mteremko mkali unaoshuka hadi mtoni, na mteremko huo ulikuwa umegeuka msitu. Mibarika, nyasi za kufika kifuani, na juzi nyoka. Mdogo tu. (Akionwa na mimi ni mdogo. Akionwa na mama mkwe ni chatu.)

Mama mkwe alikuja Jumatano kutoka Bungoma kutuona. Kwetu mkwe hampi mama mkwe mkono, wala mama mkwe halali kwa nyumba ya mkwe, kwa hivyo amekuwa akilala kwa jirani yetu, Mama Njeri. Jana akamwambia mke wangu, Nekesa, kwamba mjukuu wake hawezi kulelewa kando ya msitu. Jumapili angerudi naye Bungoma. Ivy wangu ana miaka minne! Nililala na hasira, nikaamka na hasira, nikaazima slasha.

Mama Njeri alinikuta nikiinoa. Yeye amezaliwa Murang'a, ambako mashamba yamesimama wima. Akaniambia nivae gambuti, nianzie chini nikipanda, nisimame upande upande, na nisikanyage nyasi nilizokata kwa sababu huteleza. Mimi ni wa tambarare. Nikamjibu kwamba nimefyeka tangu darasa la tatu. (Ni kweli. Uwanja wa shule.)

Nikavaa patipati. Nikaanzia juu. Lakini msidhani sikujali usalama. Nilijifunga kamba kiunoni, ncha ya pili nikaifunga kwenye nguzo ya chuma inayoshikilia ule waya wa nguo. Nguo za ploti nzima zilikuwa juu yake, maana Jumamosi kila mtu hufua.

"Baba Ivy, hiyo nguzo imeoza kwa kutu huku chini," Mama Njeri akasema.

"Mama Njeri, wacha nifanye kazi."

Nusu saa ya kwanza nilifyeka vizuri sana. Nekesa alitoka kuniangalia, nikaongeza mbwembwe. Nikawa narudi kinyumenyume, nikishuka, nikikanyaga zile nyasi mbichi nilizokata. Patipati moja ikanikimbia. Nikakaa chini bila kupenda, nikaanza kuteleza. Kamba ikakazika. Nikamshukuru Mungu.

Kisha nguzo ikang'oka.

Nilishuka na kila kitu. Nguzo, waya, mashuka, sare za shule, suruali za watu ambao hata hatusalimiani. Mibarika ikanisimamisha hatua chache kabla ya maji, matope yamenijaa hadi masikioni. Sioni kitu. Nikashika nguo iliyokuwa karibu, nikapangusa uso. Nikapangusa shingo. Nikapangusa na kwapa. (Kwapa! Nani alinituma kwapani?)

Nilipofungua macho, mama mkwe alikuwa amesimama pale juu na beseni. Alikuwa amekuja kuanua nguo zake. Nikatazama nilichoshika. Petikoti ya waridi, yenye lesi. Nekesa hana petikoti kama hiyo. Mama Njeri hana. Nikajua.

Nilitaka kuomba msamaha, lakini utamwambia nini mama mkwe ukiwa umeshika petikoti yake? Kuitupa ni kosa. Kuikunja ni kosa kubwa zaidi. Nikabaki nimeiinua tu, isiguse matope. Kana kwamba ilikuwa imebaki na mahali pasafi.

Mama hakunitazama. Alimgeukia Nekesa, akasema polepole, kwa sauti iliyonifikia kule chini bila shida:

"Mwambie Baba Ivy mtoto simchukui tena. Nyumba hii lazima ibaki na mtu mwenye akili."

Basi Ivy anabaki. Nilichokitaka nimekipata, na bado nina hasira kuliko asubuhi. Nimempigia baba yangu simu kijijini, nikidhani atanitetea. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema kosa kama hilo halifutwi kwa maneno, lazima mbuzi.

Kwa hivyo kesho ukinikuta soko la mbuzi la Kiamaiko navuta mbuzi, nisalimie upite. Usiniulize ni wa nini.